Kidonge cha Njano

Hadi leo nikiona mtu akifuta kijiko kwa nguo, huinuka mezani. Kulikuwa na kijiko kimoja cha bati katika chumba cha dawa cha kiwanda nilichofanyia kazi nikiwa msichana, miaka ile ya ugali wa njano, mvua ilipokataa kunyesha na jiji zima likalishwa mahindi ambayo watu walisema huko yalikotoka ni chakula cha ng'ombe. Kijiko kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa zaidi ya mia. Mgawaji dawa, ambaye tulimwita dresa, alikitoa kinywani mwa mtu mmoja, akakifuta kwenye pindo la koti lake jeupe ambalo halikuwa jeupe, akakijaza tena dawa ya kikohozi kwa anayefuata. Nasi tulifungua vinywa kama vifaranga. Dresa sijamsamehe, lakini kinachonitia kinyaa kuliko koti lake ni kwamba tulifungua.

Kiwanda kilitengeneza makopo na mifuniko yake. Makopo ya mafuta ya kupikia, ya rangi, na ya matunda ya sukari ambayo hakuna mtu niliyemjua aliyewahi kuyaonja. Kilikuwa Eneo la Viwanda, na kutoka kwetu Kaloleni nilikwenda kwa miguu. Baba alikuwa mtu wa reli, tukikaa nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ya matofali yenye bomba la maji la kushirikiana na majirani na ugomvi wa kushirikiana vilevile. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa sababu nilijua kwamba ni kizuri. Vijana waliokaa nje ya ukumbi wa mtaa walikuwa wakiniona napita asubuhi na viatu vyangu vya kisigino wananiita, "Niaje, Madam Kizungu?" Nilijifanya sisikii, na moyoni nilifurahi.

Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu ofisini. Nilikuwa kibarua kama wale wa mashine, ila mimi nilikuwa kibarua aliyekaa kwenye kiti, na hilo lilitosha kunipandisha kichwa.

Chumba cha dresa zamani kilikuwa stoo ya rangi, na bado kilinuka tapentaini. Kulikuwa na glasi moja ya maji ambayo ukingo wake ulikuwa na alama za midomo ya watu wote, na sinki lenye doa la kahawia ambalo sikupenda kujua lilitokana na nini. Dresa mwenyewe alijisifu kwamba alikuwa mfagizi wa wodi kabla ya kuajiriwa pale, na kwamba udaktari aliujua kwa kusikiliza. Mezani alikuwa na mkebe mkubwa wa vidonge vidogo vya njano. Jina lake la hospitali hatukulijua. Tuliita "ya njano" tu. Ukipata homa, kamasi zikikutiririka, unapewa ya njano. Baada ya muda mfupi pua inakauka na macho yanaanza kufunga yenyewe.

Hilo la macho kila mtu alilijua. Mimi mwenyewe nilipewa moja siku moja, nikarudi kwenye taipu, nikapiga sentensi ileile mara nne katika barua ya kwenda kwa mteja. Karani mkuu aliicheka kutwa nzima. Alisema nimekuwa kama sahani ya santuri iliyokwaruzika. Nilipigiwa kelele, nikairudia barua, basi. Kosa la taipu hurekebishwa kwa raba.

Lakini wale wa chini hawakushika raba. Walishika presi, mashine iliyoteremka kwa kishindo na kukata mfuniko kutoka kwenye bati. Kila presi ilikuja na wavu wa chuma ulioshuka mbele ya mikono kabla ya mashine kuteremka. Wavu ukishuka, mkono hauingii. Ila wavu unachelewesha kazi kidogo, na nyapara, yule msimamizi wa mashine, alikuwa ameahidiwa mambo yake ikiwa mifuniko itaongezeka. Kwa hiyo nyavu zote zilifungwa juu kwa waya, kama mapazia asubuhi. Siku watu wa leba, wakaguzi wa kazi wa serikali, walipotarajiwa kuja kukagua, waya zilikatwa na nyavu zikashuka. Walipoondoka na zawadi zao za makopo, waya zikarudi. Mimi ndiye niliyepiga taipu barua zilizosema kwamba kinga zote za mashine ziko mahali pake. Nilizipiga vizuri, bila kosa hata moja.

Na meneja alikuwa na sheria yake. Mtu mwenye homa hagusi mifuniko, kwa sababu mteja mmoja aliwahi kulalamika kwamba amekuta uchafu ndani ya kopo. Kamasi likianguka kwenye mfuniko lilikuwa kosa kubwa, mtu angeweza kufukuzwa. Damu ikianguka ilikuwa bahati mbaya. Basi ukianza kupiga chafya, nyapara alikuonyesha njia mbili kwa kidole: kwa dresa, au langoni. Na langoni kila asubuhi walisimama watu wa kutosha kuendesha viwanda vitatu. Nani angechagua lango? Watu walimeza ya njano wakarudi kusimama mbele ya presi, wakisinzia kwa zamu, wakipigana viwiko kuamshana. Walifanya hata mzaha nayo. Ukimwona mtu anayumba waliimba, "Huyo anakula ya njano." Mzaha wa kijinga kabisa, nami niliucheka.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuingia chumba cha dresa. Alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Kenya ya kati aliyevaa kilemba cheupe, muumini wa kanisa moja dogo la Mathare ambalo watu wake hawanywi pombe, hawavuti sigara wala kuguswa na dawa ya hospitali. Wakiugua huombewa. Mimi sikuwa na imani hiyo na sina, lakini nitasema hivi: katika kiwanda kile chote, yeye pekee ndiye hakuwahi kuweka mdomo kwenye ile glasi. Kilemba chake kilikuwa safi siku zote. Mtu anayetoka Mathare kwa miguu akivuka matope yale, kisha anasimama kutwa kwenye mafuta ya mashine, na kilemba chake cheupe pepe jioni! Nyapara alimchukia kwa sababu hiyo tu, nadhani. Alikuwa fundi wa presi hodari, na Jumapili alipiga ngoma kanisani. Mkewe alisema watu walitoka mitaa mingine kuja kumsikiliza.

Mkewe tulimjua vizuri. Alikuwa mama mnene mchangamfu aliyebeba gunia la sukuma wiki mgongoni kwa ukanda wa kichwani, akizunguka Kaloleni mlango hadi mlango. Mama yangu hakununua mboga kwa mtu mwingine. Wangesimama mlangoni, Mama na Kiswahili chake cha magharibi, yeye na cha kwao, hawaelewani nusu ya maneno, na wanacheka.

Wiki ambayo mambo yaliharibika, ofisi ilikuwa ikichagua vibarua wachache wa kuandikwa kazi ya kudumu. Bwana wa kilemba alikuwa amekaa kibarua miaka mingi, na safari hii jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Nilijua kwa sababu karatasi niliipiga mimi. Na ndiyo wiki aliyoamka na homa.

Nilikuwa nimeshuka chini kwenye mashine kuchukua hesabu ya mifuniko nilipomkuta amesimama mbele ya nyapara, macho mekundu, anajipangusa pua kwa kitambaa. Nyapara hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba hapa si kanisani. Aende kwa dresa au aende nyumbani, na akienda nyumbani ile karatasi itajazwa jina jingine. Bwana yule alikunja kitambaa chake. Nilimwona akitazama presi yake, akitazama mlango wa chumba cha dresa, midomo ikimchezacheza. Huenda alikuwa anaomba. Kisha akaenda.

Dresa alimpa viwili. Baadaye alieleza, huku akicheka, kwamba alimwongezea kwa kuwa ni mtu mkubwa wa mwili na ilikuwa mara yake ya kwanza. Mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge cha kichwa maisha yake yote, akapewa viwili vya usingizi, akarudishwa mbele ya chuma kinachoteremka na wavu umefungwa juu kwa waya.

Haikufika saa ya chakula. Sisi ofisini tulisikia presi moja ikinyamaza, na baada yake zote. Waliompakia kwenye pikapu ya kiwanda walisema alikuwa amesinzia amesimama, mkono wa kulia ukafuata bati. Vidole viwili vilibaki kwenye mashine. Nyapara aliamuru presi ioshwe, na kabla ya saa nane ilikuwa inafanya kazi tena, ina mtu mwingine. Mifuniko iliyokuwa kwenye trei haikutupwa. Waliifuta. Niliwaona kwa macho yangu wakiifuta.

Kesho yake meneja aliniita. Alikuwa mgeni kutoka ng'ambo na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: lete, toa, haraka. Kulikuwa na fomu ya watu wa bima ambayo lazima aliyeumia ajibu mwenyewe, na mgonjwa hakujua Kiingereza, kwa hiyo alinihitaji mimi nitafsiri. Karani mkuu angeweza kwenda, lakini meneja alinitaka mimi, akasema Kiingereza changu ndicho safi kuliko cha wote. Nilivaa sweta yangu nzuri. Nakwenda kumwona mtu aliyekatwa vidole, na nimevaa sweta nzuri.

Tulimkuta hospitali kubwa ya serikali, wodi yenye watu wawili kila kitanda. Alikuwa amewekwa kando ya mzee aliyekohoa ndani ya kopo, na lilikuwa kopo letu, nililitambua. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji hadi kifundo. Kilemba kilikuwa kichwani, bado cheupe. Aliponiona alinyanyuka kidogo, akanisalimia kwa heshima, akauliza kama Mama hajambo. Daktari alikuwa amemwambia kwamba viwili vimekwenda lakini mkono utapona, ila lazima aje kila siku kwa sindano na kubadilishwa bandeji bila kukosa. Wazee wa kanisa lake walikuwa wamekuja asubuhi, alisema, nao hawakuwa wameamua kama hilo linaruhusiwa.

Meneja alisoma maswali, mimi nikageuza. Umri, makao, miaka ya kazi. Halafu akafika kwenye swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Lilimtaka mgonjwa aseme kama wakati wa ajali alikuwa ametumia pombe au drugs.

Kiingereza kina hilo neno moja ambalo limetia vidonge vya mgonjwa na bangi ya mhuni kwenye gunia moja. Kwenye fomu kama ile, linapokuja nyuma ya pombe, maana yake ni bangi na jamaa zake. Hata mtoto wa kidato cha kwanza angeliona. Sisi tuna maneno yetu. Bangi ni bangi, na dawa ni dawa. Lakini mimi, Madam Kizungu, nilikuwa nasikiliza utamu wa sauti yangu. Niliuliza kama alikuwa amekunywa pombe, akasema hapana, hajawahi. Ndipo nikamuuliza swali la pili.

"Na dawa? Ulikuwa umetumia dawa?"

Alifumba macho. Kwake swali hilo halikuwa la bima. Lilikuwa ndilo swali ambalo wazee wake walikuwa wamemuuliza asubuhi ile, na bila shaka alikuwa amejiuliza usiku kucha.

"Ndiyo, dada. Nilikula dawa. Nilijua ni makosa, na nilikula."

Nikaigeuza neno kwa neno, kwa Kiingereza cha kupendeza, hata "nilijua ni makosa" sikuiacha. Kalamu ya meneja ilisimama. Akaniuliza kama mtu huyu kweli amesema alijua ni makosa. Nikasema ndiyo, ndivyo alivyosema. Akaandika. Kisha mgonjwa akaletewa kidau cha wino, akabonyeza kidole gumba cha kushoto, kwa kuwa cha kulia kilikuwa ndani ya bandeji. Alituombea kabla hatujaondoka. Meneja alisubiri amalize, kofia mkononi.

Niligundua nilipokuwa napiga nakala za fomu mchana ule. Neno lilikuwa pale kwenye karatasi, chini ya pombe, na mbele yake alama ya ndiyo. Niliichomoa karatasi kwenye taipu. Niliingia kwa meneja nikamweleza kwamba kumekuwa na kosa, kwamba dawa aliyotaja ni kile kidonge cha homa cha dresa, dawa yetu wenyewe, aliyolazimishwa kumeza. Nilieleza vizuri, sikugugumia. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtu ameulizwa swali, amejibu, na ameweka kidole; si kazi yake wala yangu kumbadilishia maneno. Kisha akasema nimetafsiri vyema sana, na kwamba kiwanda kinahitaji watu kama mimi. Juma lililofuata nilipewa barua ya kazi ya kudumu. Ile nafasi iliyobaki wazi kwenye karatasi ilijazwa jina langu.

Watu wananiambia, alikuwa mgeni, huenda hakuelewa. Alielewa. Kiswahili chake cha kuamrisha kilikuwa na neno dawa ndani yake. Nilimsikia mara nyingi akimwambia nyapara, peleka hawa dawa, haraka. Lakini sitamtwisha yeye mzigo wote. Ningeweza kwenda ofisi ya leba, ilikuwa mwendo wa kutembea tu. Ningeweza kumwambia Baba, ambaye alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi huko relini na angewasha moto. Nilikunja ile barua ya kazi ya kudumu nikaiweka ndani ya Biblia ya Mama, na sikumwambia mtu.

Kama siku kumi baadaye, mama wa sukuma wiki alikuja mlangoni bila gunia. Ilikuwa Jumamosi mchana, Mama anafua nje. Alikuwa na bahasha ya kiwanda, ameibeba kwa mikono miwili kama mtu abebavyo yai. Mumewe alikuwa ametoka wodini na alikuwa anakwenda sindano kila siku, yeye ndiye aliyekuwa akimsukuma aende, hata wazee walipomnunia. Kidonda kilikuwa kinakauka. Na sasa imekuja barua, na mumewe amesema ipelekwe kwa yule msichana wa Kaloleni aliyesema maneno yake vizuri hospitalini.

"Nisomee, dada," alisema. "Nisomee yote, usinifiche."

Barua niliijua, niliipiga mimi. Ilisema kwamba fidia haitalipwa na kazi imekwisha, kwa kuwa aliyeumia, kwa kukiri kwake mwenyewe, alikuwa ametumia drugs akijua kwamba ni makosa. Nilisoma mstari wa kwanza kwa Kiswahili, na wa pili, na nikalifikia lile neno tena, safari hii nikitoka upande wa pili.

Ningesema bangi. Ndiyo maana yake. Lakini ningesema bangi, mama yule angeniuliza ni nani aliyekiambia kiwanda kwamba mumewe anavuta bangi, mtu ambaye hajawahi hata kushika sigara. Na jibu lilikuwa limesimama mbele yake na sweta nzuri.

"Wanasema ni kwa sababu alitumia dawa," nilisema.

Aliitazama barua mkononi mwangu. Mama aliacha kufua.

"Si mashine?" aliuliza mama wa sukuma wiki. "Si ile waya?"

"Hapa wameandika dawa."

"Hata kampuni inasema ni dawa ndiyo ilimkata?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Aliichukua barua, akaikunja taratibu kwenye mikunjo yake ya zamani, akashukuru, akaenda. Nilidhani amekwenda kulia. Mama aliniuliza ni dawa gani hiyo. Nikamwambia ni ya homa, ya kiwandani. Akaniuliza kama kiwanda kinaweza kumnyima mtu haki yake kwa dawa ambayo kimempa chenyewe, nami nikamwambia hayo ni mambo ya ofisi, hawezi kuyaelewa. Mama yangu, aliyeuza chang'aa, pombe ya haramu, kwa kujificha ili mimi nilipiwe karo ya kujifunzia hicho Kiingereza, nikamwambia hawezi kuelewa. Akarudi kwenye karai lake.

Majuma yalipita bila sukuma wiki ya yule mama. Tulinunua kwa mwingine, Mama akalalamika kwamba ina mchanga. Kiwandani hakuna aliyemtaja bwana wa kilemba, mpaka siku moja nyapara alipopanda ofisini kuchukua karatasi, akamwambia karani mkuu kwa kicheko kwamba yule mtu wa kilemba amekatwa mpaka hapa. Alijipiga kwa ubapa wa mkono juu ya kiwiko. Karani mkuu akauliza imekuwaje, si alikuwa anapona? Nyapara akasema ameambiwa aliacha sindano, kidonda kikaoza hadi majirani wakashindwa kukaa karibu, na alipobebwa hospitali ilikuwa mkono au maisha. Watu wale na dini yao, alisema. Karani mkuu alitikisa kichwa akasema, ujinga ni mzigo. Nilikwenda chooni nikatapika, nikanawa, nikarudi kwenye taipu.

Sikwenda Mathare kumwona. Nilijiambia nitakwenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuja ukapita, na mwingine ukaja.

Alikuja yeye. Ilikuwa jioni, jua bado lipo, na mimi nimetoka kazini sijavua hata viatu. Nilisikia hodi, nikafungua, na pale mlangoni kulikuwa na gunia la sukuma wiki juu ya bega la kushoto, na kilemba cheupe. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa umekunjwa juu na kufungwa kwa pini. Alieleza kwamba sasa yeye na mkewe wanagawana mitaa, mama anafanya Bahati, yeye anafanya Kaloleni. Alikuwa amekonda. Aliuliza kama Mama hajambo, kama Baba hajambo, kama kazi inaendelea vizuri. Nilisema ndiyo kwa kila kitu. Sikuweza kutazama ile pini.

Kisha akaweka gunia chini na kusema kwamba alikuwa na deni la shukrani kwangu, na alikuwa amekaa nalo muda mrefu.

"Wazee walikuwa wamegawanyika juu ya zile sindano," alisema. "Mke wangu alitaka niende, mimi sikujua. Halafu ukasoma ile barua. Nikasema, hata watu wasiomjua Mungu wameona kwamba ni dawa. Nikaacha siku hiyo hiyo."

"Lakini mkono," nilisema.

"Mkono ni mkono. Wengine wangetuficha, dada. Wewe ulitusomea ukweli."

Nilikuwa na nafasi pale. Alikuwa amesimama karibu nami kuliko ninavyokaa sasa na meza hii ninayoandikia, na nilikuwa na Kiswahili cha kutosha kumwambia yote kwa sentensi mbili. Nilifungua mdomo. Nilichosema ni, "Karibu chai."

Alikataa kwa adabu, alikuwa na milango mingi mbele. Aliinama, akachagua kwa mkono ule mmoja fungu kubwa la sukuma wiki, majani mapana yasiyo na tundu hata moja, akaniwekea mikononi akisema hilo si la kuuza. Nikalipokea. Akalipandisha gunia begani kwa goti na kidevu, namna ambayo alikuwa tayari ameizoea, akaenda kubisha kwa jirani.

Mama aliikata mboga ile jioni hiyo, akaikaanga na kitunguu, akasonga ugali wa njano. Alisema tangu majuma mengi hajapata sukuma laini hivi, na akaniuliza mbona sili. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia, nikamega, nikala.